Muulize Fundi: Bodi ya kupandisha volti inachemka

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kibirizi, Kigoma. Nimeunda taa ya kuvulia dagaa: LED ya volti 12, wati 6, na betri nne za lithiamu nilizozifunga sambamba, volti 3.7. Katikati nimeweka ile bodi ndogo ya buluu ya kupandisha volti, MT3608, nikaifungia kwenye kopo la plastiki isilowe. Haimalizi saa moja, haishikiki. Ninunue bodi gani isiyochemka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujatoa hela, piga hesabu upande wa betri. Wauzaji wa bodi hiyo hutangaza volti 28 na ampea 2, nasi tunadhani taa ya nusu ampea ni kitu kidogo. Lakini ukipandisha volti, ampea za kuingia nazo zinapanda. Tuseme bodi inafikisha asilimia 85 ya umeme kwenye taa: wati 6 za taa zinadai wati 7 hivi kutoka kwenye betri. Kwa volti 3.7 hizo ni ampea 1.9. Betri ikishuka hadi volti 3.2, zinafika 2.2. Wati moja inayopotea inageuka joto na kubaki ndani ya kopo lako, haina pa kutokea.

Kwa hiyo bodi uliyonayo ibakize, ubadilishe ufungaji wa betri. Panga mbili sambamba, mbili sambamba, kisha unganisha jozi hizo kwa mfululizo upate volti 7.4. Ampea za kuingia zitashuka chini ya moja, na joto la kwenye koili na swichi ya ndani ya bodi litapungua hadi karibu robo, maana ampea zikigawanywa kwa mbili, joto la ukinzani linagawanywa kwa nne. Usiende hadi tatu za mfululizo: zikijaa zinafika volti 12.6, na bodi ya kupandisha haiwezi kushusha, itazipitisha moja kwa moja hadi kwenye taa.

Kabla ya kuunganisha, betri zote ziwe zimejaa sawasawa. Na chaja ya betri moja, kama TP4056, haifai tena. Tafuta ya volti 8.4 pamoja na bodi ya ulinzi inayosawazisha jozi mbili.

Siku ukinunua nyingine, itazame koili: iwe nene, ya waya mnene. Bodi ya XL6009 usiipeleke kwenye volti 3.7, inataka volti 5 kuanzia. Zipo pia bodi zenye transista mahali pa dayodi, ili umeme mdogo zaidi upotee. Kwa taa yako dayodi inakula wati 0.2 hivi, kwa hiyo zilipie tu kama tofauti ya bei ni ndogo.

Kopo nalo litoboe upande, upachike bati la alumini linalotokeza nje, ukizibe kwa silikoni. Bodi igandamane nalo kupitia raba ya kupitishia joto isiyopitisha umeme, la sivyo vituo vya risasi vya mgongoni vitapiga shoti.

Halafu pima kwa multimita volti na ampea za pande zote mbili, zidisha, toa. Jibu ndilo joto lako kwa wati. Pima betri zikiwa zimejaa, na tena zinapokaribia kuisha, kwani hapo ndipo bodi inapoteseka zaidi.