Maswali yenu: maji ya angani, dhahabu ya Busia na jiwe la Mbale

Tangu tuguse habari za kampuni zinazotaka kuchimba asteroidi, yale mawe makubwa yanayolizunguka Jua, maswali yamemiminika. Haya hapa machache.

Mwalimu, huko juu wanafuata dhahabu au nini hasa? (Kasese)

Dhahabu na platinamu hutajwa sana kwa sababu zinawavutia wenye pesa. Lakini kwa anayetaka watu waende Mirihi na kurudi, mali yenyewe ni maji. Ukipitisha umeme kwenye maji unapata oksijeni na haidrojeni. Oksijeni watu wanaivuta, na zote mbili zikichomwa pamoja zinaendesha roketi.

Wewe wa Kasese utanielewa haraka. Shaba ya Kilembe ilijulikana miaka mingi kabla, ila hadi reli ilipofika kwenu mwaka 1956 ndipo ikaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Gharama iko njiani. Saturn V, roketi iliyowapeleka Wamarekani Mwezini, ilikuwa na tani karibu 2,900 kabla ya kuruka, na kama tani 45 tu ndizo zilizoelekea Mwezini. Sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa mafuta, na mengi yake yaliteketea kwa kubeba mafuta mengine. Asteroidi kama Bennu, yenye upana wa mita 490 hivi, haina mvutano wa kutajika, kwa hiyo kuondoka juu yake hakutaki roketi kubwa. Maji yakipatikana huko, chombo kitajaza tangi kikiwa safarini.

Mbona hawaanzi basi, na pesa wanazo? (Jinja)

Wameanza kwa kuonja, na kuonja kwenyewe kumewatoa jasho. OSIRIS-REx, chombo cha NASA, kiliondoka mwaka 2016 na kugusa Bennu Oktoba 2020. Mkono wake ulizama karibu nusu mita, kwa kuwa juu pale ni changarawe iliyolegea isiyoshikana. Ulizoa kupita kiasi, mawe yakabana kifuniko kisifunge, chembe zikawa zinavuja na kuelea. Mzigo ulifika duniani Septemba 2023, na huko maabara Houston vifungio viwili kati ya 35 vikagoma kufunguka. Ikabidi mafundi watengeneze zana mpya, wakafanikiwa Januari 2024. Mavuno yote: gramu 121.6.

Habari njema ni kwamba udongo ule una madini ya mfinyanzi yaliyoshika maji ndani yake. Kuyatoa kunataka kuupasha moto na kunasa mvuke, kazi ambayo bado haijafanywa juu ya asteroidi yoyote. Kampuni binafsi nazo zimeteleza. Planetary Resources iliishia kuuzwa mwaka 2018, na AstroForge ilirusha chombo chake Odin Februari 2025 kikapoteza mawasiliano.

Mimi nachimba dhahabu Busia. Ya angani ikija, bei si itaanguka? (Busia)

Endelea na kazi, ndugu yangu. Safari ya Bennu ilikula zaidi ya dola bilioni moja. Gawanya kwa gramu zile, kila gramu ni zaidi ya dola milioni nane. Dhahabu gani itarudisha hela hiyo? Na zile hesabu za mtandaoni kwamba asteroidi Psyche ina utajiri wa kumgawia kila mtu, zipuuze. Wanachukua uzito wa chuma unaokadiriwa na kuuzidisha kwa bei ya leo, kana kwamba soko lingebaki vilevile siku mzigo huo unatua. Chombo kilichoondoka Oktoba 2023 kwenda Psyche kinatarajiwa kufika 2029, tena kitachunguza tu.

Zebaki unayoshika mikononi ukinasia dhahabu ndiyo inayonitia wasiwasi. Tafadhali usiichome jikoni, na tafuta kifaa cha kunasia mvuke.

Lile jiwe lililoanguka Mbale lina mali ndani? (Mama wa watoto wanne, Mbale)

Mama, kimondo kile kilipasuka angani tarehe 14 Agosti 1992 na kumwaga mawe mjini na mashambani. Kipande cha gramu chache kilimdondokea mvulana kichwani baada ya kupita kwenye majani ya mgomba, wala hakikumdhuru sana. Ni mawe ya aina ya kawaida, yana chuma kidogo na maji karibu hayana. Wanasayansi wanayathamini, mchimbaji hapana. Kama unacho kipande, wanajiolojia wa Makerere watafurahi kukiona.

Nani mwenye asteroidi? (Mwanafunzi wa sheria, Kampala)

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha kitu cha angani. Hausemi waziwazi ukishachimba mzigo ni wa nani, na hapo ndipo Marekani ilipopenya kwa sheria yake ya 2015, Luxembourg ikafuata 2017: jiwe si lako, ulichotoa ni chako. Kwetu Katiba inasema madini yaliyo chini ya muhogo wako ni ya serikali. Angani hakuna serikali ya kuomba leseni, na mimi naona nchi zisizo na roketi zinachelewa kusema neno wakati desturi inatengenezwa na wenye nazo.

Nitaweza kuona asteroidi kwa macho yangu? (Gulu)

Ndiyo. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 14, 2029, Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka duniani, karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Haitatugonga. Afrika ni miongoni mwa sehemu itakakoonekana bila darubini, mawingu yakiruhusu, na kwa saa zetu itakuwa karibu zaidi kama saa sita na dakika 46 usiku.