FL Studio iliyofunguliwa: naruhusiwa kuwagawia wenzangu?

SWALI: Nimenunua FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kihalali. Fundi ameifungua, akaondoa sehemu inayodai usajili na kugeuza menyu kuwa Kiswahili. Nataka kuwawekea vijana wa studio kwenye flashi, bure kabisa. Nitakuwa na kosa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndiyo, na kutotoza hela hakukuokoi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 inailinda programu ya kompyuta kama maandishi, sawa na kitabu. Kuinakili, kuitafsiri, kuibadili na kuisambaza ni haki za mwenye kazi. Wewe ulinunua leseni ya kuitumia tu. Wengine hujitetea kwamba Image-Line, kampuni inayoitengeneza, iko Ubelgiji, mbali huko. Haisaidii: Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, na Ubelgiji imo pia.

Kuna na hatari nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa ESET, kampuni ya kinga ya virusi, walifichua LoudMiner, programu hasidi iliyopachikwa ndani ya programu za muziki za kukraki. Ilisimika kimyakimya mashine pepe (kompyuta bandia inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako) ya kuchimba sarafu za kidijitali, kwa programu ya VirtualBox kwenye Windows na QEMU kwenye Mac. Kompyuta ya namna hiyo feni haipumziki, na biti ya traki nne tu inakwamakwama. Ukiambiwa uzime kwanza kinga ya virusi ndipo usakinishe, shtuka.

Kilicho chako gawa: projekti za .flp, sauti ulizozitengeneza na kuzihifadhi kama .fst, na mandhari za .flstheme zilizoanza na toleo la 21. Ila ukitoa projekti kwa *Zipped loop package* (faili moja la zip), sampuli zote zinaingia humo, na leseni nyingi za sampuli hukuruhusu kuzitumia ndani ya wimbo, si kuzigawa zikiwa ghafi.

Vijana waanze na toleo la majaribio. Linatoa WAV na MP3, lakini projekti iliyohifadhiwa humo haifunguki tena mpaka leseni inunuliwe. Basi watoe kila traki kama WAV kabla ya kufunga.

Tafsiri ya fundi wako inafaa zaidi LMMS, programu huria ya muziki. Leseni yake, GPL, inaruhusu kuibadili, kuigawa, hata kuiuza, mradi unayempa apate pia msimbo wake (maandishi yanayounda programu) chini ya leseni ileile. Maneno ya menyu yako kwenye faili za .ts katika folda ya data/locale. Huhaririwa kwa Qt Linguist, programu ya kutafsiria menyu, bila kugusa msimbo. Toleo la 1.2 la LMMS halirekodi sauti ya mwimbaji, kwa hiyo rekodini kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, kisha mlete WAV.

SWALI: Nikijiwekea nakala ya akiba tu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ruksa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu aliye na programu kihalali kuweka nakala ya akiba, hata kuinakili kwa kiasi cha kurekebisha kasoro. Ukimwachia mtu mwingine leseni, futa nakala hiyo.