Wasomaji Wanauliza: Picha za Sura za Wanyama Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu, alinipeleka kwenye maonyesho ya picha za wanyama zilizopigwa na Joel Sartore. Kila mnyama alikuwa peke yake mbele ya weusi mtupu au weupe mtupu, pasipo nyasi, mti wala anga. Picha zilinivutia sana, lakini nilitoka na dukuduku: mnyama akishaondolewa porini mwake, tunabaki tukitazama nini? – Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Dukuduku lako ni la haki, na wapo wapiga picha wakubwa wanaolishiriki.

Kazi uliyoiona ilianzia mjini Lincoln, katika jimbo la Nebraska, anakoishi Sartore. Mwaka 2005 mkewe aligundulika kuwa na saratani ya matiti, na mpiga picha huyo, aliyekuwa amezoea kusafiri miezi mingi kwa ajili ya jarida la National Geographic, akalazimika kubaki karibu na nyumbani. Ndipo alipoomba ruhusa ya kupiga picha katika bustani ndogo ya wanyama ya mjini humo, na kiumbe wa kwanza aliyewekwa mbele ya kamera, juu ya sehemu nyeupe, alikuwa fuko asiye na manyoya, ambaye makazi yake ya asili ni chini ya ardhi ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Tangu hapo amekwisha kupiga picha za spishi zaidi ya 12,000 zinazotunzwa na binadamu sehemu mbalimbali za dunia.

Sababu ya kuondoa mandhari ni kwamba mandhari humpendelea mkubwa. Porini, tembo huonekana hata na asiyemtafuta, ilhali chura, popo au mjusi humezwa na majani, na macho yetu humpita bila kujua kwamba yupo. Mbele ya kitambaa cheusi tofauti hiyo huondoka: mende hupewa nafasi ileile anayopewa simba, na mtazamaji hana pa kukimbilia isipokuwa machoni pa kiumbe anayemtazama. Wazazi wetu walilijua jambo hili walipokwenda kupiga picha studio, wakasimama mbele ya pazia lililowekwa hapo makusudi ili anayeitazama picha amwone mtu kwanza, kabla ya kuuliza anaishi nyumba ya namna gani.

Wanyama hao hawakutekwa porini kwa ajili ya picha. Wale wadogo huingizwa katika hema dogo la kitambaa laini, na lenzi ikapenyezwa kwenye tundu ili mnyama asimwone mtu. Kwa wakubwa, ukuta na sakafu ya banda walilozoea hupakwa rangi au kuwekewa kitambaa, kisha huletewa chakula chao humo, na kazi hufanyika kwa muda mfupi.

Hata hivyo, Mwalimu, nadhani nguvu ya maonyesho ya aina hii iko nusu kwenye picha na nusu kwenye maelezo yaliyobandikwa kando yake. Chukua mfano wa Nabiré, kifaru mweupe wa kaskazini jike, ambaye Sartore alimpiga picha mwezi Julai 2015 katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové nchini Cheki. Ukiitazama picha pekee, unamwona kifaru mzee amejilaza, na unasonga mbele. Ukisoma kwamba alikufa yapata wiki moja baadaye; kwamba ndugu zake wanne wa bustani hiyohiyo walikuwa wamesafirishwa hadi hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwezi Desemba 2009 kwa matumaini kwamba watazaana; na kwamba baada ya dume aliyeitwa Sudan kufa tarehe 19 Machi 2018 walibaki majike wawili tu wa aina hiyo duniani kote, Najin na binti yake Fatu, hapo unarudi nyuma hatua mbili na kumtazama upya. Pori ulilolikosa kwenye picha linapaswa kuwa limeandikwa pale. Ukumbi unaobandika jina la mnyama na bei ya picha pekee umemgeuza kiumbe huyo kuwa pambo la sebuleni, na hilo halinipendezi hata kidogo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Nick Brandt hupiga picha za tembo na simba bila lenzi ndefu? Na kwa nini hakutumia rangi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli. Katika picha zake za Amboseli na maeneo mengine ya Afrika Mashariki, alizozianza mwaka 2001, Mwingereza huyo alitumia kamera ya filamu ya Pentax 67 na kuiacha kando lenzi ndefu, ile inayomvuta karibu mnyama aliye mbali, jambo lililomlazimu kungoja mpaka mnyama amzoee. Ukaribu huo huingiza anga na ardhi ndani ya fremu, kwa hiyo mnyama huonekana akiwa kwake, kinyume kabisa na njia ya Sartore. Kukosekana kwa rangi huzipa picha hizo sura ya kumbukumbu za watu wa zamani, na kwa baadhi ya wanyama hao imekuwa hivyo kweli: tembo dume aliyempiga picha akinywa maji Amboseli mwaka 2007 aliuawa na majangili mwaka 2009. Mwaka uliofuata Brandt alishirikiana na mhifadhi Richard Bonham kuanzisha shirika la Big Life, lenye askari wa wanyamapori katika eneo la Amboseli na Kilimanjaro.

SWALI: Mimi ni kijana ninayepiga picha za wanyama, na nimepewa ukumbi wa shule nizitundike. Nizingatie nini? – Msomaji, Arusha

JIBU: Hongera, mdogo wangu. Chagua picha chache ambazo kamera ilikuwa usawa wa macho ya mnyama, kwani picha iliyopigwa kutoka juu ya gari humfanya hata chui aonekane mnyonge. Kwa kawaida kumbi hutundika picha ili katikati yake iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwa kuwa watazamaji wako ni wanafunzi, shusha kidogo. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa na uzitundike bila kioo, maana kioo mbele ya dirisha la darasa kitawaonyesha watoto nyuso zao wenyewe.

Kwenye maelezo, sema wazi kama mnyama alikuwa huru au alikuwa anafugwa, na kama ulimvuta kwa chakula useme pia. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliifuta picha iliyokuwa imeshinda katika mashindano yake mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kuafikiana kwamba mnyama aliyeonekana ndani yake huenda alikuwa amekaushwa na kujazwa. Kwa kifaru, anayewindwa na majangili, usitaje mahali hasa ulipompigia; taja hifadhi ikiwa wahifadhi wameridhia, na kabla ya kutuma picha hiyo kwa mtu yeyote, futa taarifa za mahali ambazo simu au kamera huzihifadhi ndani ya faili.