Ruzuku ya chaja ya gari, na erthi ya nyumba za Malindi

*Mwezi huu tumejibu barua nne kuhusu kuchaji gari la umeme nyumbani. Fundi anayetajwa hapa ni yule mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta nchini. Mwombe akuoneshe leseni kabla hajafungua kisanduku chako cha breka.*

Assalaam aleikum. Ndugu yangu aliyeko Uingereza alifungiwa chaja ya gari na serikali ikamlipia sehemu. Nami nimeagiza Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 kutoka Japani. Nimwendee nani nipate ruzuku kama yake?
*Msomaji, Shela, Malindi*

Wa aleikum salaam. Ruzuku ya ndugu yako ni ya huko. Kuanzia 2022 ilikuwa ikilipa asilimia 75 ya gharama ya chaja na ufungaji, isiyozidi pauni 350, na ikalenga zaidi wapangaji na wenye fleti walio na mahali pao pa kuegesha gari. Fundi aliyeidhinishwa ndiye aliyedai fedha hizo na kuzikata kwenye bili ya mteja. Haivuki bahari.

Kenya haina ruzuku ya fedha taslimu ya kulipia chaja ya nyumbani. Nafuu zetu zimewekwa kwingine. Ya kwanza ni ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme, ulioshushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Hiyo utaikuta kwenye hesabu ya wakala wako wa bandarini, kwa hivyo isome mstari kwa mstari. Ya pili ni bei ya stima. Mwaka 2023 EPRA ilitangaza bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti (kilowati-saa moja), na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo, kabla ya kodi na tozo, kwa matumizi yasiyozidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Bei hiyo inataka mita yake peke yake, mbali na ya nyumba.

Je, mita ya pili inafaa? Piga hesabu kwanza. Leaf hula kama yuniti 16 kwa kila kilomita 100. Mtu anayekwenda Watamu na kurudi, kilomita 45 hivi, kwa siku 22 za kazi atatumia karibu yuniti 160 za gari tu. Bei ya nyumbani ina ngazi mbili za kuvuka, yuniti 30 na yuniti 100, na unapangiwa ngazi kwa wastani wa miezi mitatu. Ukizipitisha yuniti hizo za gari kwenye mita ya nyumba unaingia ngazi ya juu kabisa, na hapo hata friji na taa zako zinalipiwa bei hiyo. Wengi hulaumu gari kumbe ni ngazi. Kwa nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 60 au 80, mita ya pili inastahili kuulizwa Kenya Power. Kwa nyumba yenye eyakondishena mbili, tayari uko juu, na faida itabaki kwenye yuniti za gari pekee.

Jambo jingine: usinunue chaja kabla hujaijua chaja iliyo ndani ya gari. Leaf nyingi za Japani hupokea kilowati 3 tu, nyingine 6. Kama yako ni ya 3, sanduku la ukutani la ampea 32 halitaharakisha chochote. Ampea 16 zinatosha, na kutoka asilimia 20 hadi 80 itachukua saa nane au tisa, yaani usingizi wa usiku mmoja. Na ile kebo inayokuja na gari, igeuze usome kibandiko. Kama kimeandikwa volti 200 pekee, usiichomeke kwenye volti 240 zetu.

Nachaji kwa plagi ya kawaida ya ampea 13. Mwezi wa kwanza ilikuwa shwari, sasa plagi imeyeyuka upande mmoja na soketi imekuwa ya kahawia. Nimebadilisha soketi mara mbili. Tatizo ni gari?
*Msomaji, Mayungu*

Gari halina kosa. Soketi ya nyumbani imezoea birika la dakika tano na pasi ya nusu saa. Wewe unaipitisha ampea 10 kwa saa kumi mfululizo, kila usiku, tena mahali ambapo hewa ya chumvi inaingia hadi ndani ya soketi.

Chumvi na unyevu hula uso wa shaba, na ule mbano unaoshika meno ya plagi unalegea. Pale panapogusana panazaliwa ukinzani. Ukinzani wa omu 0.3, ambao kwa taa usingeuona kabisa, ukipitishwa ampea 10 unatoa wati 30 za joto. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu redio, limefungiwa ndani ya plastiki. Soketi mpya itafuata njia ileile, hasa ukiirudishia plagi ya zamani ambayo meno yake yameshaungua.

Wiki hii fanya mawili. Kama kebo yako ina kitufe cha kupunguza, ishushe hadi ampea 6, joto litabaki kama theluthi moja ya lilivyokuwa. Na acha kabisa waya wa kurefusha, hasa ule uliozungushwa kwenye gurudumu lake.

Baada ya hapo mwite fundi akufungie laini ya peke yake kutoka kisanduku cha breka: kebo ya shaba ya milimita 4 za mraba, breka ya ampea 20, na mwishoni soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16, ile ya matundu matatu ya duara yenye kifuniko cha springi. Hiyo imeundwa kwa mzigo wa saa nyingi. Kebo ya gari nayo iwe ya plagi ya aina hiyo. Ukitaka chaja ya ampea 32, kebo iwe ya milimita 6 na breka ya 40. Ikiwa kutoka mita hadi banda la gari ni mita 40, panda hadi milimita 10, kwa sababu kebo ya 6 itapoteza zaidi ya volti 9 njiani na ile ya 10 kama volti 5 na nusu. Kwa mtu aliye mwisho wa laini, ambako jioni volti zimeshashuka, tofauti hiyo ndiyo chaja kuwaka au kuzima.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja 316. Sanduku liwe la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, paipu ya kebo iingilie chini, wala si juu, na pawe ukuta wa mawe upande usioelekea bahari. Usilifunge chini ya makuti. Hili tunaliomba kwa dhati.

Chaja imefungwa vizuri lakini inawasha taa nyekundu, inasema hakuna erthi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Fundi amepiga fimbo ya pili ya erthi kando ya ile ya kwanza na bado. Ananiambia nimwage chumvi na maji kila jioni.
*Mzee wa Malindi mjini*

Mzee wetu, shikamoo. Fundi yuko karibu na ukweli, ila dawa ndiyo siyo.

Chaja, tofauti na friji, hupima erthi kabla ya kuruhusu umeme. Inafanya hivyo kwa sababu bodi ya gari ni chuma kilichosimama juu ya mpira, na anayeligusa amesimama mchangani, pengine miguu mitupu. Ikikataa inakulinda. Asije mtu akakushauri kuunganisha waya wa erthi na nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndani ya soketi ili kuidanganya. Nyutro ikikatika mtaani, bodi nzima ya gari inabeba umeme.

Ardhi ya Malindi ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe. Fimbo ya mita 1.2 mara nyingi hugonga jiwe ikiwa nusu, fundi akaikata juu akafukia. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, na wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana erthi iliyopimwa wakati wa masika ikasifiwa hukataa baadaye. Mwambie apime kwa kipimo cha erthi, asitumie taa ya kujaribia, na apime wakati wa ukavu. Lengo la kazi ni chini ya omu 200.

Fimbo mbili zilizokaribiana zinagombea udongo uleule, kwa hivyo zinahesabika kama moja na kidogo. Ziachanishwe angalau urefu wa fimbo, na ikiwezekana mara mbili yake. Zikigonga jiwe, tobolewe shimo kwa mashine, fimbo ishushwe, na shimo lijazwe udongo wa bentonaiti uliokorogwa na maji, ambao hushika unyevu. Pasipotoboleka, chimba mtaro mrefu ulaze utepe wa shaba. Chagua upande wenye kivuli na unyevu. Chumvi inasaidia siku chache, kisha mvua inaiosha, na kabla ya hapo imeshaanza kula fimbo.

Hata erthi ikiwa nzuri, kikata-umeme cha kuvuja cha miliampea 30 ni lazima, na kiwe cha aina A pamoja na chaja inayohisi umeme mnyoofu (DC, kama wa betri) wa miliampea 6, au kiwe aina B. Ile aina AC ya zamani hupofuka umeme mnyoofu wa gari unapovuja ndani yake: inakaa pale ukutani na haikati.

Mwanangu amenitumia chaja mpya kutoka Uingereza. Inawaka mchana, ikifika saa moja jioni inajizima.
*Mama, Ngala*

Mama, chaja nyingi za Uingereza zina kilinzi kinachokata umeme volti zikishuka chini ya 207 au kupita 253, kwa ajili ya namna erthi yao ilivyounganishwa na nyutro ya mtaani. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko na feni, volti za kwenu zinapita chini ya mpaka huo. Mwambie fundi apime volti saa hiyo hiyo. Nyumba ikiwa na fimbo yake ya erthi iliyopimwa na kufaulu, baadhi ya chaja hizo huruhusu kilinzi hicho kizimwe kwenye mipangilio ya fundi. Kwa sasa, chaji baada ya saa nne usiku. Angalia pia mdomo wa kebo: za Uingereza ni Type 2, na Leaf za Japani ni Type 1. Kama chaja ina tundu bila kebo, kebo ya Type 2 kwenda Type 1 itakutoshea. Kama kebo imeshikana na sanduku, bora mwanao airudishe dukani kabla muda wa kurejesha haujapita.