Mwanangu, kuhusu kifua cha bibi yako

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza kwa nini nilimwambia daktari kwamba bibi yako moyo ukimsimama asikandamizwe kifua, wala asivushwe maji hadi bara, Mokowe, kupelekwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, Mombasa. "Tulimwacha afe, mama?" Swali lako limenikaa rohoni tangu Ijumaa.

Hakuachwa. Nimonia ilitibiwa: sindano, dripu, oksijeni, mpaka asubuhi ile ya mwisho. Nilichokataa ni kukandamizwa kifua.

Wewe umeona kwenye filamu: mtu anabonyezwa mara tatu, anakohoa, anauliza yuko wapi. Mimi nimekuwa nesi miaka 32. Kifua cha mtu mzima hushindiliwa kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Palikuwa na mzee wodini kwetu, mwili kama wa bibi yako, mifupa mitupu. Mbavu zilivunjika chini ya viganja vyangu, mlio kama wa ukuni mkavu. Nikaendelea, maana hakuna aliyewahi kumuuliza alitakaje. Moyo ulirudi; yeye hakurudi. Siku nne mashine ikampumulia, wanawe wakiingia kwa zamu.

Njia hii ya kukandamiza kifua ilipotangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1960, ilikusudiwa moyo uliosimama ghafla katika mwili ambao bado una nguvu. Ukizama wewe pale Shela, nitakukandamiza mpaka mikono iniishe nguvu. Lakini kwa bibi yako figo zilishachoka, mapafu yakafuata. Moyo ulikuwa wa mwisho kusimama.

Ami yako naye aliogopa dhambi. Nikamwambia maulamaa wa Saudia walishatoa fatwa, mwishoni mwa miaka ya 1980: madaktari watatu wa kuaminika wakikubaliana kwamba njia hii haitamfaa mgonjwa, haifanywi. Akanyamaza, akaenda kutia udhu.

Na bibi yako mwenyewe alishasema. Mwaka juzi, anachambua mchele uani, bila hata kuinua macho: "Msinivushe maji nikafe kwa wageni." Nikamuuliza tena, nihakikishe. Akaudhika, akanisukumia ungo nimalizie mimi.

Kosa langu ni kwamba sikukwambia maneno hayo siku aliyoyasema. Nilidhani wakati upo. Ningekwambia, usingelia peke yako kwenye basi ukidhani tumemfanyia uchoyo.

Ukija Maulidi nitakwambia na yangu. Uje na kalamu.

Mamako