Maswali ya Wasomaji: Kofia ya Krismasi ya Kroshia

Barua zinazoifikia safu hii kuelekea Desemba huwa za kofia: ile nyekundu yenye ncha ndefu, pindo jeupe na pomponi. Kwa kuwa wafumaji hawayaiti mafundo kwa majina yaleyale kila mahali, nieleze mapema kwamba katika majibu haya fundo fupi ni lile la kuingiza sindano, kuvuta uzi na kuupitisha katika vitanzi viwili, na fundo refu ni lile ambalo uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuingizwa. Kuongeza ni kufuma mafundo mawili katika tundu moja.

Shikamoo mama. Ninawafumia vijana wa kwaya yetu kofia za Krismasi. Ninaanza na mafundo marefu 12 na kuongeza 12 kila mzunguko, lakini kofia inalala bapa mezani, na nikizidisha kuongeza inajikunjakunja pembeni. Ncha nitaipataje? — Msomaji, Njombe

Marahaba, mwanangu. Mikono yako haina kosa. Ni hesabu inayokupa duara badala ya umbo la pia, yaani koni. Kimo cha fundo refu hukaribia mara mbili ya upana wake, na ndiyo sababu duara lake hulala bapa unapoongeza mafundo 12 kila mzunguko, ilhali fundo fupi, ambalo kimo na upana wake vinakaribiana, huhitaji nyongeza ya 6 tu. Ukizidisha hapo, kitambaa hupata marinda kama sketi ya shule, ukipunguza, huinuka. Kiasi unachopunguza ndicho kinachoamua urefu wa ncha, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe.

Chukua kichwa cha mtu mzima chenye mzingo wa sentimita 56. Kofia inapaswa kuwa ndogo kwa sentimita tatu hadi tano ili ishike, basi tuseme 52. Ukiongeza nusu ya kile kinachohitajika kwa duara bapa, yaani mafundo marefu 6 kila mzunguko, utafika kwenye mzingo huo baada ya kushuka kama sentimita 17 kutoka nchani, na kofia itasimama wima kichwani. Ukiongeza robo, yaani 6 kila baada ya mzunguko mmoja, utahitaji kama sentimita 33, na hapo utapata ncha inayoangukia upande wa sikio, ambayo nadhani ndiyo vijana wa kwaya wanayoitaka.

Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5, wafumaji wengi hupata takriban mafundo marefu 14 na mizunguko 7 katika mraba wa sentimita 10 kwa 10. Ikiwa ndivyo unavyopata nawe, sentimita 52 ni mafundo 72. Anza na 6 katika duara la kukazwa, yaani kitanzi cha uzi unachokivuta kufunga tundu la katikati, fuma mzunguko wa pili bila kuongeza, wa tatu ongeza 6, wa nne usiongeze, na uendelee hivyo hivyo hadi mzunguko wa 23, ambapo utakuwa umefika 72 kamili. Baada ya hapo fuma mizunguko saba bila kuongeza chochote, ndipo uanze pindo. Jambo la mwisho kwako: usipange nyongeza zote katika mstari mmoja, kwa sababu zitajenga kingo sita zinazoonekana kwa mbali, kila unapofikia mzunguko wa kuongeza, sogeza mahali pa kuanzia kwa mafundo mawili au matatu.

Ninaishi Minnesota, ambako Desemba mtu hatoki nje bila kofia. Nimejaribu kuweka vinundu (vile vivimbe vidogo vya uzi) na misuko (mistari inayopishana kama nywele zilizosukwa) kwenye kofia, lakini vinundu vyangu vinatokeza ndani badala ya nje, na ule mkanda wa misuko unabana kichwa ilhali sehemu nyingine zimenitosha vizuri. — Msomaji, Minneapolis

Dada yangu, hayo ni mambo mawili, na yote yana sababu. Kinundu kinachofumwa kwa kukusanya mafundo marefu matano yasiyomalizika (kila moja likiacha kitanzi chake cha mwisho kwenye sindano) katika tundu moja hutokeza nyuma ya kazi, mbali na mfumaji. Anayefuma kitambaa bapa hugeuza kazi kila mstari, kwa hiyo hupanga vinundu viangukie mistari ya upande wa nyuma. Kofia haigeuzwi, na nyuma ya kazi ndiyo ndani ya kofia. Unaweza kukisukuma nje kwa kidole na kukifungia fundo fupi lililokazwa kila upande, lakini kichwani hicho hurudi ndani kikipenda. Mimi hupendelea njia nyingine: fuma mafundo marefu matano kamili katika tundu moja, chomoa sindano kwenye kitanzi, iingize kutoka mbele kwenda nyuma juu ya fundo la kwanza kati ya yale matano, kamata kitanzi ulichokiacha, ukivute na kukikaza kwa cheni moja, yaani kuvuta uzi mara moja kupitia kitanzi kilicho kwenye sindano. Kinundu hicho hutokea mbele na kubaki hapo. Kinakula uzi mwingi zaidi, kwa hiyo nunua akiba ya rangi ileile kabla haijaisha dukani.

Kuhusu kubana, misuko hufumwa kwa kuzungusha sindano kwenye mguu wa fundo la chini badala ya kuiingiza juu yake, na miguu hiyo ikipishana huvutana. Hakuna mfumo wa misuko usiopunguza upana, na sampuli ya mafundo ya kawaida haiwezi kukuonyesha upungufu huo. Fuma sampuli ya misuko yenyewe, yenye upana wa sentimita 15 hivi, kisha upime zile 10 za katikati, kwa sababu pembeni hudanganya. Tuseme umepata mafundo 16 mahali ambapo kwingineko unapata 14. Sentimita 52 zitataka mafundo 83, na kama msuko wako hurudiwa kila baada ya manne, fanya 84. Ikiwa kofia ina 72, ongeza 12 katika mzunguko mmoja kabla ya misuko kuanza, yaani fundo moja la ziada kila baada ya sita, na uyapunguze tena hayo 12 mkanda unapokwisha. Kuna wanaobadilisha sindano tu kwa kuongeza nusu milimita; hiyo inafaa kwa vinundu vilivyotawanyika, si kwa misuko iliyosongamana.

Ukitaka pindo la manyoya, vile vitanzi virefu vinavyovutwa kwa kidole navyo huanguka nyuma ya kazi. Geuza kofia ndani-nje kabla ya kuanza pindo, nawe hutahitaji ujanja mwingine.

Hapa Dar es Salaam Desemba ni joto, kwa hiyo nimetumia uzi wa pamba. Baada ya kufua, wekundu umeingia kwenye pindo jeupe. Jirani ananishauri nitie siki. — Msomaji, Temeke

Pamba ni chaguo sahihi kwa joto lenu. Siki, hata ikichanganywa na chumvi, haiizuii rangi iliyokwisha kutiwa kwenye pamba isichuje. Husaidia katika rangi za sufu, ambazo ni za aina nyingine. Safari ijayo loweka uzi mwekundu katika maji ya baridi kabla ya kuufuma, ukibadilisha maji hadi yabaki meupe, kisha ubane kipande chake ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu na uone kama kinaacha alama. Fuma pindo peke yake na ulishone mwishoni, ili likichafuka ulifumue bila kuigusa kofia. Kwa wanaotumia akriliki, uzi huo ni nadra kuchuja, lakini usiupige pasi: joto huvilaza vinundu na havisimami tena.

Ninataka kumfumia mjukuu wa miezi minne. Je, nipunguze tu idadi ya mafundo? — Bibi, Nakuru

Bibi, punguza mafundo kufuata kipimo cha kichwa chake, na pia punguza ncha iwe fupi isiyofika usoni. Vinundu viwe vichache na upande wa ndani uwe laini. Avae akiwa macho, avuliwe anapolazwa, kwa kuwa mtoto mchanga hupoza mwili wake kupitia kichwa. Pomponi ifungwe kwa uzi uliopitishwa kofiani mara kadhaa na kufundikwa kwa ndani, kisha uivute kwa nguvu zako zote kabla hujamvika. Ikilegea hata kidogo, iondoe na umwachie ncha tupu.