Kwa mnaoanza kazi maabara: anzeni na mvuke

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye maabara za shule hapa Dodoma, mtakabidhiwa funguo, kabati la kemikali na vichomeo vya spiriti, halafu mtaambiwa kidato cha kwanza wanaanza mada ya mwako wiki ijayo. Masharti ya usalama yamebandikwa ukutani, yasomeni. Ila hayatawakaa kichwani mpaka mjue mwali unatoka wapi: nta ya mshumaa haiwaki ikiwa nta, wala mafuta ya taa hayawaki yakiwa maji maji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Hata mwali wa kuni ni gesi zinazotoka kwenye mti uliopata joto. Mkaa una mambo yake, nitaufikia.

Msiniamini hivi hivi. Fungeni madirisha, maana upepo wa Dodoma hautawapa nafasi, kisha washeni mshumaa uwake dakika mbili tatu. Uzimeni kwa pumzi ndogo. Utambi utatoa uzi wa moshi mweupe. Upesi, sogezeni njiti inayowaka kwenye huo moshi, sentimita mbili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utashuka kwa kufuata moshi na mshumaa utawaka tena. Ule weupe ni mvuke wa nta ulioanza kuganda hewani.

Kwa hiyo mbele ya kila chupa jiulize: kwa joto la chumba hiki, inatoa mvuke wa kutosha kushika cheche? Petroli hutoa hata kwenye nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Ethanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya spiriti, huanzia nyuzi 13 hadi 17 kutegemea ina maji kiasi gani. Mafuta ya taa hungoja mpaka 38 au zaidi. Sasa pigeni hesabu ya Novemba saa nane mchana, chumba kimepita nyuzi 30. Spiriti iliyomwagika mezani haihitaji kupashwa, inahitaji njiti tu. Ndiyo maana pia jiko la mchina ni salama kiasi likitiwa mafuta ya taa safi, lakini yakichanganywa na petroli hata kidogo linaweza kulipuka.

Hapa ndipo wageni wengi huungua: kuongeza spiriti kwenye kichomeo wanachodhani kimezimika. Mwali wa spiriti ni bluu hafifu, na karibu na dirisha lenye jua hauonekani kabisa. Funika kwa kifuniko chake, kiinue mara moja, funika tena. Subiri chupa ipoe, ndipo ujaze, mbali na meza yenye moto. Dumu kubwa libaki stoo.

Wenye mtungi wa gesi, angalieni rangi. Propani, mojawapo ya gesi za mtungini, hutaka hewa karibu mara 24 ya ujazo wake; ikipungukiwa, mwali unakuwa wa njano, na njano hiyo ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Fungueni tundu la hewa la kichomeo mpaka mwali urudi bluu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo kunuseni chini, na msiguse swichi ya taa.

Mkaa sasa. Umeshapoteza karibu gesi zake zote tanuruni, ndiyo maana unawaka juu ya uso wake, mwekundu, karibu bila moshi. Vile vindimi vya bluu juu ya jiko ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, ikiwaka. Isiyowahi kuwaka inabaki chumbani, haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Juni na Julai usiku kuna baridi hapa, na mlinzi atakuja kuomba jiko la kuotea kwenye kile chumba cha maandalizi. Mpeni jiko, chumba mfunge, aotee nje.